Familia ya Carter: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Kundi la Kantri la Vizazi Vitatu

Familia ya Carter ni akina nani hasa?

Jina hili limebebwa na makundi mawili, na kutoyatenganisha ndiko chanzo cha mkanganyiko mwingi. La kwanza lilikuwa la watu watatu kutoka milima ya kusini-magharibi mwa Virginia, Marekani: Alvin Pleasant Carter, ambaye kila mtu alimwita A.P.; mkewe Sara; na Maybelle, aliyekuwa binamu ya Sara na wakati huohuo shemeji ya A.P., kwa kuwa aliolewa na Ezra, mdogo wake A.P. aliyejulikana zaidi kama Eck. Watatu hao walirekodi kuanzia mwaka 1927 hadi 1941 na kuacha karibu nyimbo 300. Kundi la pili ni la Maybelle na binti zake watatu, Helen, June na Anita, lililoanza mwaka 1943 lilipokoma lile la kwanza. Anayesema amewaona akina Carter kwenye televisheni wakiwa na mwimbaji Johnny Cash anazungumzia kundi la pili, na anayezungumzia santuri zenye mikwaruzo za miaka ya 1920 anazungumzia la kwanza.

Walitoka mazingira gani?

A.P. alizaliwa mwaka 1891 katika bonde liitwalo Poor Valley, yaani Bonde la Umaskini, chini ya mlima Clinch. Jina hilo halikuwa la mzaha, kwa maana udongo wake ulikuwa haba na watu waliishi kwa kilimo kidogo, kukata mbao na vibarua. A.P. alikuwa na mtetemeko wa mikono uliomfuata maisha yote, ambao mama yake aliueleza kwa kisa cha radi iliyopiga karibu naye akiwa na mimba, na sauti yake pia ilikuwa na mtikisiko kidogo. Alijipatia riziki kwa kuuza miche ya matunda nyumba kwa nyumba, na ni katika biashara hiyo, kama ukoo unavyosimulia, ndipo alipovuka mlima hadi Copper Creek akamkuta msichana anayeimba huku akipiga otohapu. Otohapu ni ala ya nyuzi zaidi ya 30 inayolazwa mapajani, yenye vibao vya kubonyeza ambavyo hunyamazisha nyuzi zisizotakiwa na kuziacha zinazopatana. Msichana huyo alikuwa Sara Dougherty, na walioana mwaka 1915.

Maybelle Addington, aliyezaliwa mwaka 1909, alikuwa mdogo kwa Sara kwa takriban miaka 11. Alipoolewa na Eck mwaka 1926 akahamia upande wa bonde la akina Carter, na kuanzia hapo watu watatu waliokuwa wakiimba katika mikusanyiko ya jamaa na kanisani wakawa wanakaa jirani. Linafaa kukumbukwa katika majibu yote yanayofuata: kabla ya kuwa kundi walikuwa ndugu waliokopeshana gari, walioleana watoto na kupaliliana mahindi.

Ni nini kilichotokea Bristol mwaka 1927?

Ralph Peer, mtayarishaji wa rekodi aliyekuwa akifanya kazi na kampuni ya santuri ya Victor, alifika katika mji wa Bristol, ulioko kwenye mpaka wa Tennessee na Virginia, akiwa na mafundi wawili na mashine mpya ya kurekodi kwa maikrofoni ya umeme. Alikodi sakafu katika jengo la iliyokuwa kampuni ya kofia, akaning'iniza mablanketi ukutani ili kuzuia mwangwi, na kati ya mwisho wa Julai na tarehe 5 Agosti akarekodi nyimbo 76 kutoka kwa makundi na wasanii 19. Maikrofoni hiyo ndiyo iliyowafungulia mlango watu kama Sara. Katika mtindo wa zamani mwimbaji alipaza sauti mbele ya pembe kubwa ya bati ili sindano iweze kuchora, lakini sasa aliyeimba kama anayezungumza na jirani yake aliweza kusikika vizuri.

A.P. aliazima gari la Eck, na bei ya kuazimwa, kama familia ilivyosimulia, ilikuwa ahadi ya kumpalilia shamba la mahindi. Umbali ni kama kilomita 40 tu, lakini kwa barabara za udongo za siku hizo safari ilikula karibu siku nzima, pamoja na pancha za njiani. Ndani ya gari mlikuwa na A.P.; Sara na mtoto wake mchanga, Joe, aliyekuwa bado ananyonya; binti yao mkubwa, Gladys, aliyechukuliwa ili amlee mdogo wake; na Maybelle, mwenye umri wa miaka 18 na mimba ya zaidi ya miezi saba. Jioni ya tarehe 1 Agosti walirekodi nyimbo nne. Kesho yake Sara na Maybelle walirudi bila A.P. wakarekodi mbili zaidi, mojawapo "Single Girl, Married Girl", ambayo Sara hakuipenda hata kidogo na aliiimba kwa sababu tu Peer aliing'ang'ania. Ndiyo iliyopendwa na wanunuzi. Malipo yalikuwa dola 50 kwa kila wimbo, na kwa watu waliozoea kuhesabu senti, dola 300 kwa siku mbili zilikuwa mali.

Siku mbili baadaye, katika chumba kilekile, alirekodi kijana mwingine asiyejulikana, Jimmie Rodgers. Kwa sababu hiyo wanahistoria wa muziki huu huuchukulia mkusanyiko wa Bristol kama mwanzo wa biashara ya kantri. Kwa maoni ya mwandishi neno "mwanzo" limetiwa chumvi, maana santuri za muziki wa mashambani zilikuwa zikiuzwa miaka kadhaa kabla ya hapo, ila ni kweli kwamba kabla ya wiki ile hapakuwa na majina makubwa mawili ya kuubeba.

Kwa nini sauti ya mbele ilikuwa ya mwanamke?

Kwa sababu Sara ndiye aliyekuwa na sauti. Ilikuwa nzito kwa mwanamke, kavu, isiyo na mapambo, naye aliimba wimbo wa msiba na wimbo wa mapenzi kwa uso uleule, akimwachia msikilizaji kazi ya kulia. Maybelle aliitikia kwa sauti ya pili. A.P. aliingia kwa besi pale alipojisikia kuingia, na alipokuwa hajisikii alitembea chumbani au kutazama dirishani, tabia ambayo si mtayarishaji wala mkewe aliyeweza kuibadilisha. Ukisikiliza rekodi hizo kwa makini utamsikia akitokea katikati ya mstari kama mtu aliyepita mlangoni akasikia wimbo anaoujua.

Jina kwenye mikataba lilikuwa la mwanamume, lakini sauti ilikuwa ya Sara na mapigo yalikuwa ya Maybelle. Asiyelitambua hilo hataelewa kwa nini jina la kundi liliendelea kuishi bila A.P..

Upigaji gitaa wa Maybelle una upekee gani?

Maybelle alipiga muziki wenyewe, yaani mstari wa wimbo, kwa dole gumba kwenye nyuzi nene za chini, na katikati ya noti hizo akazifagia nyuzi nyembamba kwa kidole cha shahada ili kutunza mdundo. Matokeo yake ni gitaa moja linalofanya kazi ya mawili: linaongoza na linasindikiza kwa wakati mmoja. Kabla yake gitaa katika bendi za milimani lilikuwa chombo cha kujazia nyuma ya fidla na banjo. Msomaji aliyekua akisikia gitaa kavu, lile ambalo Tanzania wengi walilizoea kwa jina la galatoni, ataifahamu mara moja kazi hii ya gumba na shahada, ingawa wapigaji wa Katanga na wa kwetu walifika huko kwa njia yao wenyewe na mdundo wao ni mwingine kabisa.

Mfano unaofundishwa hadi leo ni "Wildwood Flower", uliorekodiwa Camden, New Jersey, tarehe 10 Mei 1928, siku ambayo Maybelle alitimiza miaka 19. Mwaka huohuo alipata gitaa la Gibson aina ya L-5 lililogharimu dola 275, bei ya kutisha kwa mtu wa Poor Valley, akalitumia karibu maisha yake yote. Gitaa hilo sasa limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la muziki wa kantri mjini Nashville.

Je, nyimbo walizitunga wenyewe?

Chache walizitunga, na nyingi walizikusanya. Peer alihitaji nyimbo ambazo hazijasajiliwa na mtu mwingine, kwa kuwa faida yake ilitoka kwenye haki za uchapishaji, kwa hiyo A.P. alipewa sababu nzuri ya kufanya alichokipenda tangu zamani: kupita vijijini, kuingia majumbani mwa watu, kukaa nao hadi usiku, na kutoka na karatasi zilizojaa mashairi ya zamani, tenzi za kanisa na visa vya ajali za treni. Nyimbo hizo zilipangwa upya, nyingine zikakatwa beti, nyingine zikaongezwa kiitikio, kisha zikasajiliwa kwa jina la A.P. Carter. Kwa sheria za siku zile halikuwa kosa, lakini ni vigumu kuliita jambo hilo utunzi.

Tatizo la A.P. lilikuwa kwamba aliweza kuandika maneno lakini muziki wake ulimtoka kichwani kabla ya kufika nyumbani. Aliyemtatulia tatizo hilo alikuwa Lesley Riddle, mpiga gitaa Mweusi aliyeishi Kingsport, Tennessee, ambaye alikuwa amepoteza mguu katika ajali kiwandani na vidole viwili vya mkono wa kulia kwa bunduki. Riddle alikuwa na kumbukumbu ya ajabu; walisafiri pamoja, A.P. akaandika maneno naye akashika muziki. Pia alikaa nyumbani kwa akina Carter kwa wiki kadhaa kwa wakati mmoja, na Maybelle alikiri kwamba alijifunza kwake, ukiwemo wimbo wa "Cannonball Blues". Haya yalitendeka katika Marekani ya ubaguzi wa rangi, ambako mzungu na Mweusi hawakuweza kula meza moja mgahawani. Riddle hakupata jina kwenye santuri yoyote ya kundi hilo. Aliacha muziki, akahamia kaskazini, na ni katika miaka ya 1960 ndipo mwanamuziki Mike Seeger alipomtafuta, akampata Rochester, New York, akamrekodi.

Walitajirika?

Hapana. Walianza kuuza vizuri, kisha mdororo wa uchumi wa 1929 ukaangusha biashara ya santuri, na kuna kipindi A.P. alilazimika kwenda Detroit kutafuta kazi. Maonyesho yao yalifanyika shuleni na makanisani, kwa kiingilio cha senti 15 na senti 25, na tangazo walilobandika ukutani liliwahakikishia wazazi kwamba burudani hiyo ni njema kimaadili.

Ni kweli kwamba A.P. na Sara waliachana na bado wakaendelea kuimba pamoja?

Ni kweli, na ndicho kipande cha historia yao kinachoulizwa zaidi. A.P. alikuwa akitoweka wiki nzima kutafuta nyimbo na kumwachia Sara shamba, watoto na kuni. Katika upweke huo Sara alimpenda Coy Bayes, binamu ya A.P. mwenyewe. Ukoo ulishtuka, familia ya Coy ikahamia California, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 Sara aliondoka nyumbani kwa mumewe, talaka ikafuata baadaye katika mwongo huohuo. Hata hivyo, waliendelea kukutana studio, kusimama kwenye maikrofoni moja na kuimba nyimbo za wapenzi waliotengana. Ukisikiliza rekodi za katikati ya miaka hiyo bila kujua habari hii, hutaisikia. Ukiijua, huwezi kuacha kuisikia.

Mwaka 1938 walipata kazi katika redio XERA, iliyokuwa Villa Acuña upande wa Mexico, ng'ambo ya mto kutoka Del Rio, Texas. Mwenye kituo alikuwa John R. Brinkley, mtu aliyejiita daktari na kupata utajiri kwa kupandikiza tezi za mbuzi kwa wanaume waliotaka nguvu, na aliyekimbilia Mexico kwa sababu Marekani ilimnyima leseni ya utangazaji. Mitambo yake ya wati 500,000 ilifika karibu kila pembe ya Marekani na hadi Kanada. Usiku mmoja mwaka 1939 Sara alisema hewani kwamba wimbo unaofuata, "I'm Thinking Tonight of My Blue Eyes", ni wa rafiki yake Coy Bayes aliyeko California. Hawakuwa wameonana kwa miaka kadhaa. Coy alisikia, akasafiri hadi Texas, na tarehe 20 Februari mwaka huo wakaoana huko Brackettville. A.P. aliendelea kuongoza matangazo.

Kwa nini kundi la kwanza lilikoma?

Serikali ya Mexico iliifunga XERA mwaka 1941, na mwezi Oktoba mwaka huo wakarekodi kwa mara ya mwisho mjini New York. Jarida la Life lilikuwa limewapiga picha nyumbani kwao, lakini shambulio la Pearl Harbor, lililoiingiza Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia, likaja na habari zao zikawekwa kando. Baada ya muda katika redio ya Charlotte, North Carolina, Sara aliamua mwaka 1943 kwamba imetosha, akaenda California kuishi na mumewe.

Maybelle na binti zake waliendeleaje?

Watoto hawakuanzia patupu. Katika miaka ya redio ya mpakani Helen, June na Anita walikuwa tayari wanaimba hewani pamoja na Janette, binti ya A.P. na Sara. Maybelle, ambaye katika kundi la kwanza alikuwa mdogo na mkimya kuliko wote, sasa akawa kiongozi akiwa na miaka 34. Eck aliacha kazi yake ya posta kwenye treni na kuwa meneja na dereva. Walihamia redio za Richmond, kisha Knoxville, kisha Springfield huko Missouri, wakiishi kwa ratiba ya matangazo ya alfajiri na maonyesho ya usiku. Kila binti alikuwa na nafasi yake: Helen alikuwa mwanamuziki wa kweli aliyepiga akodiani na gitaa, Anita alikuwa na sauti ambayo mwandishi huyu haoni ya kuilinganisha nayo katika ukoo mzima, na June, ambaye alikiri mwenyewe kwamba sauti yake haikuwa ya kujivunia, aligeuka mchekeshaji, kwa sababu jukwaani lazima kila mtu ajue kwa nini amesimama pale.

Wakiwa Knoxville walimchukua mpiga gitaa kijana, Chet Atkins. Nashville ilipowaita kujiunga na Grand Ole Opry, kipindi mashuhuri cha redio cha muziki wa kantri, ilitaka waende bila yeye, wao wakakataa, na hatimaye mwaka 1950 wakaenda wote watano. Atkins baadaye akawa mmoja wa watayarishaji wenye nguvu kuliko wote mjini humo.

Haikuwa njia ya kupanda tu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, rokiroli ilipowakimbiza wasikilizaji, Maybelle aliuguza wazee zamu za usiku ili kuongezea kipato, mwanamke ambaye mapigo yake ya gitaa yalikuwa yakifundishwa nchi nzima. Aliyebadilisha hali hiyo ni kizazi cha vijana waliopenda muziki wa kiasili, ambao walimwita kwenye tamasha la Newport mwaka 1963. Mwaka 1967 alirudi huko pamoja na Sara, mmoja akiwa na miaka 58 na mwingine karibu 69.

Johnny Cash alikuwa mwanafamilia?

Kwa ndoa. Akina Carter walijiunga na msafara wa maonyesho yake mwanzoni mwa miaka ya 1960, na June, ambaye pamoja na Merle Kilgore alitunga "Ring of Fire", alifunga naye ndoa tarehe 1 Machi 1968. Wengi hawajui kwamba wimbo huo ulirekodiwa kwanza na Anita, na toleo la Cash la 1963 ndilo lililoenea. Kipindi chake cha televisheni cha 1969 hadi 1971 kiliwaingiza Maybelle na binti zake katika mamilioni ya nyumba. Katika miaka ya uraibu wake wa vidonge, ya tiba na kurudia tena, Maybelle na Eck walimchukulia kama mtoto wa nyumbani.

A.P. aliishia wapi?

Alirudi bondeni akafungua duka dogo. Katika miaka ya 1950 alirekodi tena na Sara, Joe na Janette kwa kampuni ndogo, lakini wachache walijali. Alifariki Novemba 1960 na kuzikwa karibu na kanisa la Mount Vernon, na jiwe la kaburi lake limewekwa santuri ya dhahabu. Janette, aliyemwahidi baba yake kwamba muziki hautakufa, alianza mwaka 1974 kuandaa maonyesho ndani ya duka lilelile, na baadaye ukumbi mkubwa ukajengwa kando yake. Hadi leo Jumamosi usiku watu hupiga na kucheza hapo bila pombe na bila ala za umeme, na Johnny Cash alikuwa miongoni mwa waliosamehewa sharti hilo la pili. Yeye naye alipanda jukwaani kwa mara ya mwisho maishani mwake hapohapo, Julai 2003, wiki chache tu baada ya June kufariki.

Walipata heshima gani rasmi?

Mwaka 1970 walikuwa kundi la kwanza kuingizwa katika Country Music Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa muziki wa kantri. Stempu ya posta ya Marekani ilitolewa kwa sura zao mwaka 1993. Tuzo ya Grammy ya mafanikio ya maisha ilikuja mwaka 2005, wote watatu wa mwanzo wakiwa wamekwisha kufariki: Maybelle Oktoba 1978, Sara Januari 1979.

Kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo mmoja wa pembeni. Jimmie Rodgers, aliyerekodi Bristol wiki moja nao na kurekodi nao tena Louisville mwaka 1931, alifika Bonde la Ufa kwa njia ya gramafoni. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, aliwarekodi Wakipsigis wa Kapkatet, Kenya, wakiimba kuhusu kiumbe aitwaye Chemirocha, ambalo ndilo jina la Jimmie Rodgers katika matamshi yao, na mabinti katika wimbo mmoja wanamwita aje acheze. Hakuna wimbo wa namna hiyo kuhusu Sara au Maybelle. Waliokua wakisikiliza kantri kwenye redio za Kenya na Tanzania waliwajua zaidi Jim Reeves na Kenny Rogers, na huenda waliwahi kumsikia Maybelle bila kujua ni nani.

Nianze kusikiliza wapi?

Anza na "Wildwood Flower" ya 1928 ukifuatilia gumba la Maybelle tu, kisha irudie ukimsikiliza Sara. Halafu sikiliza "Can the Circle Be Unbroken" ya 1935, wimbo wa mtoto anayesindikiza jeneza la mama yake, uliotokana na utenzi wa kanisa wa mwanzoni mwa karne ya 20. Baada ya hapo tafuta albamu ambayo Nitty Gritty Dirt Band, bendi ya vijana wenye nywele ndefu, waliitoa mwaka 1972 kwa jina linalotokana na utenzi huohuo, na ndani yake utamkuta Maybelle akiwa na miaka 62 akiimba na watu wa umri wa wajukuu. Kwa kizazi cha tatu, Carlene Carter, binti ya June, alitoa mwaka 2014 albamu ya nyimbo za ukoo iitwayo "Carter Girl". Ukitumia vipokea sauti vya masikioni, punguza sauti kidogo katika zile za zamani, kwa sababu mikwaruzo ya santuri husikika kabla ya Sara.